Kitambaa cha Anaeli

Sogeeni, mkae vizuri. Mwenye haraka ya kujibu ajizuie kwanza, maana mwishoni nitawauliza, na sitaki jibu la kubahatisha.

Huko milimani Upareni alikuwapo mjane, Bi Naetwe, fundi wa kudarizi. Mtu akifikwa na msiba, majirani walimpelekea mahindi na maharage. Bi Naetwe alimpelekea kitambaa chenye maneno machache ya uzi mwekundu. Alikitundika ukutani kwa mkono wake, akaomba, akarudi kwake bila maneno mengi.

Elisante alipolemaa mguu na mchumba akamkimbia, alidariziwa: "Bwana hajaondoka." Nakunda alipomzika mtoto wake wa pekee, akaacha kuimba, akaacha hata kuita kuku wake, alidariziwa: "Bwana anakusikia." Na Mbonea alimuua mtu kwa ngumi kwenye pombe, akafungwa, akarudi na kuapa madhabahuni kwamba hatamwinulia mtu mkono tena. Yeye alidariziwa: "Bwana bado ana kazi nawe."

Kitambaa kimoja tu Bi Naetwe hakumpa mtu. Alikidarizi kwa ajili ya jeneza la mwanawe Anaeli, lakini mgodi ulimfukia Anaeli huko mbali na mwili haukupatikana. Kiliandikwa: "Nitakuona asubuhi." Alimaanisha asubuhi ile ya ufufuo. Alilala nacho chini ya mto.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Watu walikuwa kanisani, juu kilimani, na matarumbeta yalikuwa yakilia. Bi Naetwe alibaki nyumbani na homa. Wezi watatu waliijua siku hiyo vizuri kuliko mwinjilisti. Walikuja na mapanga kumchukua ng'ombe wake wa maziwa.

Bi Naetwe angenyamaza, wangechukua ng'ombe wakaenda zao. Lakini alitoka mlangoni, akamwangalia mmoja wao, akasema, "Wewe si mjukuu wa Kiondo? Nimekunywesha uji mimi!"

Kiongozi wao akageuka. "Ametutambua. Mmalizeni."

Bapa la panga lilimpiga kichwani akaanguka uani, damu ikamjaa machoni. Hapo ndipo alipolia, "Bwana, atakayenitoa hapa, nitampa kitambaa cha Anaeli!"

Elisante alikuwa anakuja, anachechemea, kamletea dawa. Angeweza kujificha migombani, na nani angemlaumu kwa mguu ule? Alijitupa juu ya bibi. Panga likampasua mgongo. Akakinga kichwa cha bibi kwa mkono, panga likaondoka na vidole vyake. "Toka!" walimfokea. "Sitoki," alisema. Wakakata tena. Bi Naetwe alisikia damu ya moto ya Elisante ikimtiririkia shingoni, na bado hakutoka.

Nakunda alikuwa shambani kwake, nyuma ya ua wa bibi. Mwizi aliyelinda njia alimwekea panga kooni. "Ukitoa sauti nakuchinja." Tangu msiba ule hata salamu aliitikia kwa kichwa. Lakini alipomwona Elisante anakatwa kama kuni, alipiga yowe lililopanda mlima mzima. Yule mtu akamchana uso, kutoka sikioni mpaka mdomoni. Akapiga yowe tena, mdomo umejaa damu.

Sasa sikieni kosa la kanisani. Jumapili ya mavuno kwao ni siku ya vigelegele, na yowe lile lilipofika juu, kina mama wakadhani ni wenzao wanaochelewa na vikapu vyao. Wakaitikia kwa vigelegele, na matarumbeta yakazidi! Huko chini wezi wawili waliposikia mlima unanguruma, walidhani kijiji chote kinashuka. Wakamwacha ng'ombe, wakatimua mbio. Kiongozi peke yake ndiye aliyebaki.

Mbonea alikuwa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango. Yowe kama lile alishalisikia siku moja, kwa mama wa yule aliyemuua. "Hivyo si vigelegele," alisema, na alikuwa ameshatoka. Alimkuta kiongozi kapandisha panga juu ya Elisante na bibi. Alimwita, "Ndugu yangu, acha!" Hakuacha. Mbonea aliokota mchi wa kinu, akampiga kichwani mara moja, na fuvu likapasuka. Kisha akaketi chini kando ya maiti, akalia kwa sauti kama mtoto.

Bi Naetwe alipona, lakini lile pigo la kichwa lilimzima macho. Hatadarizi tena. Siku aliyorudi kanisani alikishika kitambaa kifuani, akaitaja ahadi yake, na watatu wale wakasimama mbele yake.

"Bibi," alisema Elisante, "kabla ya yowe na kabla ya mchi, nilikuwapo mimi. Bila mgongo wangu hawa wenzangu wangeokoa maiti."

Nakunda alisema kwa shida, kwa mdomo ulioshonwa. "Bila sauti yangu wezi wangebaki wote watatu, na huku juu mngekuwa bado mnacheza. Bibi, mwanangu nilimzika bila hata neno moja juu ya jeneza lake."

Mbonea hakuinua macho. "Ninyi mlitoa miili yenu. Mimi nimevunja nadhiri yangu. Asubuhi hiyo ya ufufuo watu wawili niliowaua watanisubiri, na ninaiogopa. Ningepata kitambaa hicho, ningejua kwamba kuna mtu atafurahi kuniona."

Mchungaji akasogea karibu. "Bi Naetwe, tukikate vipande vitatu?"

"Mimi niliahidi mtu mmoja," alisema bibi, "na maneno ya mwanangu hayakatwi."

Akanyoosha mkono gizani, akawagusa mmoja mmoja: mkono usio na vidole, shavu lenye kovu, kichwa kilichoinama. Alirudia mara ya pili. Machozi yalimtoka kwenye macho yasiyoona, na kitambaa kikabaki mkononi mwake.

Mimi nimemwacha hapo hapo, amesimama. Haya, mliojizuia, semeni: mngekuwa ninyi Bi Naetwe, mngemkabidhi nani?