Siafu wa Bwana Tembo

Hapo zamani za kale, tembo walipokuwa bado wana nyumba zenye ua na wanakula pamoja kwenye sinia, kilitokea kiangazi ambacho mimi sipendi hata kukikumbuka. Lakini ninyi ndio mlioomba hadithi, basi kaeni vizuri, na huyo anayechokonoa mkeka aache.

Katika nyumba moja waliishi Bwana Tembo, Bi Tembo na mtoto wao Msindo. Huyu Msindo alikuwa anakula kitu kimoja tu, majani laini ya mkuyu wa mtoni. Ukimpa kingine, ptu! Anatema. Msidhani ni kiburi, wanangu. Aliogopa. Siku moja baba yake alimshindilia tawi la mgunga kwa nguvu, mwiba ukamkwama kooni, akakosa pumzi mpaka macho yakamtoka. Tangu hapo akiona tu chakula asichokizoea, anarudi kinyumenyume.

Kiangazi kikakaza. Mkuyu ukapukutika wote. Nyumbani kukabaki magome, mizizi na makoche, yale matunda magumu ya mkoche. Msindo akakonda, ngozi ikamning'inia. Kundi zima likaamua kuhamia mto wa mbali baada ya siku nne, na kila tembo aliijua sheria ya safari: atakayeshindwa kutembea anaachwa njiani.

Siku hiyohiyo tumbusi watatu, wale ndege wala mizoga, wakatua juu ya ua. Walimtazama Msindo, wakakunja mbawa zao, wakatulia kama wageni waliokuja kukaa.

Bwana Tembo akaingiwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya makelele. Akawaita ndugu zake wawili, wakamzunguka mtoto wakipiga miguu chini, ndii, ndii, wakimwamuru ale. Msindo akabana mdomo, akajikojolea. Bi Tembo alitaka kumwonjesha kutoka kinywani mwake, kama tembo wote walivyofundishwa kula na mama zao, lakini mumewe akakataa. Alisema mtoto mkubwa namna ile kutia mkonga kinywani mwa mama yake ni aibu kwa ukoo.

Sasa, kwenye mawe nyuma ya nyumba aliishi Pimbi, mdogo kuliko sikio la Msindo. Vile vishindo alivisikia mchana kutwa, na vilimuuma moyo. Kesho yake akaingia uani mbio, anahema.

“Bwana Tembo, usikanyage tena hapo,” alisema kwa sauti ya chini. “Chini ya jamvi lako wapo siafu. Vishindo vyenu vimewaamsha.”

Bwana Tembo akaganda. Mnajua, hakuna kitu tembo anachokiogopa kama siafu ndani ya mkonga.

Pimbi akamweleza kwamba siafu hao hutoka wakati wa kula. Atakayepaza sauti, atakayepiga mguu chini au atakayemkodolea mwenzake macho, watampanda mkongani, nyii nyii nyii, hadi kwenye ubongo. Dawa ni kula kimya, macho yamefumbwa, siku tatu. Kisha akamkonyeza Bi Tembo, na Bi Tembo akaelewa.

Mlo wa kwanza ukaliwa hivyo. Bwana Tembo na ndugu zake wanatafuna, macho wameyafumba, jasho linawatiririka. Msindo akangoja vishindo, lakini havikuja. Akanusa hewa kwa mbali, basi. Juu ya ua tumbusi walikuwa wamefika watano.

Siku ya pili akagusa koche kwa ncha ya mkonga, akaurudisha haraka. Hakuna aliyesema neno. Tumbusi mmoja akashuka chini, akasimama hatua nne kutoka kwake.

Siku ya tatu magoti yalikataa. Msindo akajikokota hadi kwa mama yake, akainua mkonga, akauingiza kinywani mwa mama. Bi Tembo akaacha kutafuna. Alitamani sana kumwambia ale, lakini akayameza maneno hayo. Mtoto akatoa kipande kilichotafunwa, akakiweka kwenye ulimi. Ptu! Tumbusi akasogea hatua moja.

Mkonga ukarudi. Safari hii alikaa na kipande mdomoni kwa muda mrefu, tumbusi naye anangoja. Kisha kru, kru, akameza. Akachukua kingine. Halafu akapeleka mkonga kwenye sinia mwenyewe.

Bwana Tembo alisikia meno madogo yakifanya kazi, akafumbua jicho moja, kisha yote mawili. Akangoja siafu wampande. Wapi! Akafunua jamvi, akakuta vumbi. Mara moja akamkwapua Pimbi, aliyekuwa akichungulia pembeni mwa ua, akamwinua juu.

“Umenidanganya,” alisema. “Siku tatu natetemeka mbele ya chakula changu mwenyewe.”

Moyo wa Pimbi ulidunda, du du du, lakini ulimi haukumganda. “Na kilikuwa na ladha gani, Bwana Tembo?”

“Ladha nitaijuaje, na hofu yote ile?”

“Basi mwanao hajui ladha ya kitu tangu siku ya ule mwiba.”

Mkonga ukalegea. Bwana Tembo akamweka Pimbi chini polepole. Akamtazama mwanawe, akakumbuka kwamba hatakiwi kumkodolea macho, akageuza uso. Kisha akakaa karibu naye, akaendelea kula, mdomo ameuacha wazi kidogo.

Kesho yake kundi likaondoka. Msindo alikwenda mwendo wa kujivuta, katikati ya wazazi wake, akisimama mara kwa mara kuonja kilichomo kinywani mwa baba yake. Vingine alivitema, na hakuna aliyemkemea. Tumbusi waliwafuata hadi mlimani, wakachoka, wakarudi.

Mimi nimeishia hapo mlimani, na ninachowaachia ni hiki: mtoto anayeogopa chakula, mwonjeshe kisha umngoje, usimpigie vishindo.