Kwa Nini Picha za Katuni Huachiana Weupe

Zamani, kabla picha hazijajifunza kungojana, mchoraji alijaza ukuta mzima bila kuacha nafasi. Mtu aliyetenda mambo matano alichorwa mara tano, bega kwa bega. Enzi hizo mchumba hakuruhusiwa kufungua kinywa mbele ya wakwe mpaka akubaliwe. Alipewa mkaa na ukuta wa nyumba yao, achore tendo lake moja la kujivunia.

Mbaga, aliyempenda Nakiete, alikuwa mkweli kupita kiasi. Alijichora akikutana na chui, kisha akikimbia, kisha akiwa juu ya mti huku chui yuko chini; akachora chui alivyotumbukia katika shimo la mtego; mwisho akajichora akirudi nyumbani na ngozi begani.

Mzee Sengondo, babake Nakiete, alikodoa macho.

"Ameposa mmoja, wamekuja kundi zima! Mimi nina binti mmoja."

"Tena huyu wa mtini ndiye mvivu," akadakia Shangazi Nambua. "Wenzake wanahangaika, yeye amepumzika juu."

"Na chui wote hawa? Watu hawa wanafuga!"

Mzee akaagiza mgeni aoneshwe njia. Mbaga aliweka mkaa chini. Kujitetea kulikuwa mwiko.

Nakiete alichukua ndoo ya chokaa na ufagio, akapaka mstari mmoja mnene katikati ya ukuta, kutoka juu hadi chini. Ufagio ulikuwa mpana. Mkimbiaji, mti na shimo vilizama vyote ndani ya chokaa.

"Ni mtu yuleyule, baba," alisema. "Huku ni asubuhi, huku ni jioni."

Mzee alitazama upande wa kushoto: Mbaga na chui, uso kwa uso. Akatazama wa kulia: Mbaga na ngozi. Kisha akautazama ule weupe kwa muda mrefu, akaruka.

"Lo! Amempiga rungu la utosi!"

"Rungu analo wapi?" alisema Shangazi. "Amemkaba kwa mikono. Si nimeona mwenyewe?"

Walibishana mpaka chakula kikapoa. Mbaga hakuwahi kuiheshimu mila kama siku ile. Hatimaye Mzee alimshika mkono.

"Karibu ndani, mwanangu. Sasa sema, utuamulie: rungu au mikono?"

"Sikugeuka kuangalia, baba," alijibu Mbaga. "Nilikuwa na haraka."

"Unaona unyenyekevu huo!" alisema Shangazi, akampakulia nyama.

Na tangu siku hiyo, wachoraji wa hadithi hutenga picha na picha kwa weupe mtupu. Humo hawachori kitu. Pigo, safari, hata miaka mizima hupita humo, na msomaji ndiye anayeyatenda yote, kisha akamsifu mchoraji.