Mto Uliopita Katikati ya Mitapani

Jumapili, tarehe 3 Mei. Manyunyu yalikatika alfajiri, ukungu ukabaki umelala juu ya maji. Tulipotoka kwenye ibada, vijana waliniuliza, "Babu, msemo huu, 'Mto hukata shamba, haukati undugu', umetoka wapi?" Niliwaambia wakae, nami nikawasimulia chanzo chake.

Mitapani ilikuwa kijiji kidogo kando ya Mto Tana. Wazee wetu walifika pale wakifuata udongo mweusi ambao mto huuacha baada ya kufurika. Walijenga mahali palipoinuka, wakapanda migomba na mpunga bondeni. Kuhusu mipaka hawakuwa na maneno mengi: mto ndio mpaka. Aliye ng'ambo ni wa kijiji kingine.

Mwaka mmoja, mafuriko yalipopungua, watu walikuta mto umejichimbia njia mpya katikati ya kijiji. Nyumba chache zilibaki ng'ambo, na mashamba ya wenye nyumba hizo yakabaki upande huu. Mmoja wa watu hao alikuwa Habona, mjane aliyelea watoto wake kwa migomba yake. Mzee wa kijiji, Komora, alishika sheria ile ile. "Wa ng'ambo si wetu tena," alisema, kisha shamba la Habona akalilima yeye mwenyewe.

Habona hakutukana mtu. Kila asubuhi alisali, akavuka kwa mtumbwi, akasimama penye shamba lake na kuita, "Komora, nimekuja!" Halafu akarudi. Watu walimcheka kwamba anaamkia migomba.

"Bora migomba," alisema. "Hiyo haijasahau jina langu."

Ndipo afisa wa elimu akaja. Serikali ilikuwa tayari kujenga shule, lakini alipowatazama watoto waliokusanyika alitikisa kichwa. "Ni wachache mno. Shule itakwenda kijiji kingine."

Komora akatuma mitumbwi ng'ambo haraka. Ilirudi imejaa watoto, na Habona mbele yao. Ilipofika ukingoni, akawazuia wasishuke.

"Shukeni, wanangu," Komora alisema. "Mgeni anangoja."

"Watashukaje?" Habona aliuliza. "Si ulisema mto ndio mpaka? Au leo mamba wameusogeza?"

Watu wakaangua kicheko. Komora hakucheka. "Mama, mambo ya shamba tutayazungumza baadaye."

"Baadaye imekuwa ndefu, Mzee. Nataka shule kama wewe, Mungu anajua. Lakini mtoto wangu hawezi kuwa wa hapa darasani, kisha awe mgeni shambani kwa baba yake."

Afisa akamgeukia Komora. "Mzee, hawa ni watu wako au si watu wako?"

Komora alitazama watoto, akatazama ile migomba iliyokuwa karibu kukatwa mikungu. Akavua kofia, akaingia majini hadi magotini na kuushika mtumbwi wa Habona.

"Ni watu wangu," alisema kwa sauti iliyowafikia wote. "Nilikosea. Mgeni wetu asikie, na Mitapani yote isikie, wa huku na wa ng'ambo: tangu leo shamba la Habona ni la Habona, na kila wa ng'ambo atalima lake. Naahidi mbele ya Mungu, sitamfanya ndugu yangu mgeni kwa sababu ya maji. Mto hukata shamba, haukati undugu."