Mchambua Mchele Hatii Chumvi

Mchambua mchele hatii chumvi. Jana mliisikia methali hii kwa shangazi yenu mkacheka, mkauliza chumvi ina kosa gani. Basi kitendawili: jirani kanifagilia nyumba, nimerudi siijui. Mmeshindwa? Sikilizeni, jibu limo humu humu. Methali hii ilianza hivi.

Iringa aliishi mwalimu mstaafu wa Kiswahili, Skolastika Nditi. Wanafunzi wa chuo walimwita Mama Skola, wakimletea tasnifu zao azipitie: herufi iliyoruka, koma iliyozidi, sentensi iliyovunjika mguu. Kazi hiyo aliipenda, na wanafunzi aliwapenda zaidi.

Mmoja alikuwa Mwanakheri, binti mpole wa Pangani, aliyeandika kuhusu mafunzo ya mabibi harusi wa kwao. Msimamizi wake chuoni alikuwa mkali kama pilipili kichaa, na Mama Skola akaogopa mtoto asije akafeli. Basi alipoketi na kalamu, huruma ikamshika mkono.

Akakuta sentensi hii: "Siku ya harusi yangu somo alilia kuliko mama." Akacheka peke yake. Somo linalia? Maskini, mtoto ameandika huku anasinzia! Akafuta "somo", akaandika "mwalimu", na kurasa zote zikafuata. Kufika mwisho, akaona hitimisho ni fupi, halina usomi. Akaongeza aya yake, tamu kweli kweli: kwamba walimu hao ni mabaki ya zama za giza, na shule zitawaondoa. Mwanakheri, kwa kumwamini, akaipeleka kazi bila kuisoma tena.

Juma lililofuata akaja macho yamemvimba. Mama Skola alikuwa barazani, ungo mapajani, anachambua mchele.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kulikoni?"

"Dakta, msimamizi wangu, kaniuliza, mwalimu wa shule gani huyo analia harusini? Nikakosa jibu. Kanisomea hitimisho, nikazidi kukosa. Anasema kazi si yangu, atanifikisha mbele ya baraza la chuo. Nitafukuzwa, Mama."

"Lakini mwanangu, somo si la darasani?"

"Kwetu somo ni mtu. Ndiye anayemfunda mwari mpaka anaolewa. Wangu mimi ni Bi Nunu. Leo akisomewa, ataambiwa nimemwita giza."

Mikono ya Mama Skola ikasimama juu ya ungo. "Nilitaka ufaulu tu."

"Najua."

Mwanakheri akaketi, akauvuta ungo, akaanza kuchambua yeye. Akasema polepole, "Nilikuletea mchele uutoe mawe, Mama. Ukautia na chumvi. Sasa walaji wananiuliza mimi."

Asubuhi wakaenda chuoni pamoja. Mama Skola hakungoja kukaribishwa kiti.

"Dakta, aya ya mwisho ni yangu. Na yule mwalimu anayelia, nimemzaa mimi."

Dakta hakucheka. Aliichukua nakala ya kwanza waliyokuja nayo, ile aliyoiandika Mwanakheri kwa mkono wake, akamhoji jambo moja moja. Binti akajibu, akaeleza, mpaka akasahau kuogopa, na chai ya Dakta ikapoa mezani.

"Rudisha maneno yako," Dakta akasema mwishoni. "Na mwanzoni utaje nani aliipitia, na alifanya nini."

Walipofika nyumbani, Mama Skola akamrudishia karatasi zake. "Tafuta mwingine, mwanangu. Mimi nimekuharibia."

"Sitaki mwingine! Mchambua mchele hatii chumvi, basi, yameisha. Hebu chambua."

Akavaa miwani, akasoma. Alipofika kwenye ile sentensi, kalamu ikaninginia.

"Huyu somo," akauliza, "kwa nini alilia kuliko mama?"

"Mama alikuwa na mabinti wanne," Mwanakheri akasema. "Bi Nunu alikuwa na mimi."

Maneno mazuri ya kuongeza hapo yalimjaa Mama Skola kinywani, akayameza. Akafuta koma moja iliyozidi, akafunua ukurasa wa pili.

Ndiyo hivyo, wajukuu zangu. Mchambua mchele hatii chumvi.