Siku ya Mtihani, Pumzika Nyumbani

Ndugu zangu, leo nina kisa kinachonivuruga kichwa, nami nitawapa kama kilivyo. Msiniulize shule hiyo iko wapi. Mkiijua mtakimbilia kuisema, na mimi sitaki muiseme. Nataka mnisaidie kuielewa.

Shule hiyo ya msingi ilikuwa ya mwisho katika kata. Kila muhula watoto wa kata nzima hufanya mtihani mmoja, shule zinapangwa kwa wastani, na wao kila mara mkiani. Akaletwa mwalimu mkuu mpya, suruali imenyooshwa, filimbi shingoni. Akawaambia wazazi, "Nipeni mwaka mmoja tu." Na kweli jamani, muhula wa kwanza wastani ukapanda. Wa pili ukapanda tena. Wakaweka bango getini, wakachinja mbuzi, wazazi wakaitwa kula pilau.

Alikuja pia mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga, mwenye binti darasa la nne. Watu wanapiga vigelegele, yeye amekunja uso. Akamfuata mwalimu mkuu.

"Hongera, mwalimu. Ila mimi sielewi. Shule imepanda, mwanangu yuko palepale. Jana nimempa vipande kumi na viwili vya mihogo avigawe kwenye sahani nne, akasimama mpaka mihogo ikapoa."

"Mama, usichanganye mambo. Wastani haumhusu binti yako."

"Kwani si mwanafunzi wa hapa?"

"Wa hapa kabisa!"

"Na mtihani si alifanya?"

"Siku ile alipumzika. Wale wazito wazito tunawaambia wapumzike nyumbani, wasituvute chini."

"Ahaa. Kwa hiyo siku zote ni wa hapa. Siku ya mtihani ni wa nani?"

Mwalimu mkuu akacheka. "Siku ya mtihani ni wako, mama."

Watu waliosimama karibu nao wakacheka. Yule mama hakucheka. Akasema, "Mwalimu, nisamehe, mimi shule sikufika mbali. Huyuhuyu alipokuwa mchanga alikonda. Kliniki walipoona mizani haipandi, walisema nimlete kila wiki badala ya kila mwezi. Wakanionyesha na namna ya kumkorogea uji. Hakuna nesi aliyeniambia siku ya mizani nimfiche ndani."

"Ile ni kliniki, mama. Hii ni shule."

"Haya, mwalimu."

Akaondoka na sahani yake ya pilau, amechanganyikiwa kuliko alivyokuja.

Na mimi nipo naye! Hebu niambieni nyinyi mliosoma: mtihani ni wa nini? Si ni wa kumjua nani hajaelewa, ili akae na mwalimu wake, aelekezwe tena, na tena, mpaka aelewe? Sasa ukimpima aliyeshiba peke yake, halafu ukatangaza kwamba njaa imekwisha, umepima nini? Nani amenufaika? Mimi sipati jibu. Nakasirika tu.

Tena lipo na hili. Ukimwondoa wa mwisho, aliyekuwa mbele yake anakuwa nani? Si ndiye wa mwisho sasa? Naye muhula uliofuata akapumzishwa. Na aliyemfuata naye akapumzishwa. Wastani unapanda, madawati yanabaki wazi, na mbuzi anachinjwa.

Basi Jumatatu moja, siku ya kawaida, wala si ya mtihani, yule mama anapepea moto wake asubuhi. Anageuka, anamwona binti ameketi mlangoni, sare amevaa, viatu amevaa, haendi.

"We, utachelewa! Leo si mtihani."

"Najua, mama."

"Sasa unangoja nini?"

"Siendi. Shule inakwenda vizuri nisipokuwepo."

Mama akaweka pepeo chini, akaketi naye mlangoni. Mtoto hajui kugawanya, lakini hesabu hiyo ameipata. Hiyo amefundishwa vizuri mno.

Naona mnangoja niwaambie mwalimu mkuu alifukuzwa kazi. Hakufukuzwa. Bango bado liko getini. Naona pia mnatikisa vichwa, mnasikitika, mnamlaani kimoyomoyo. Acheni. Acheni kwanza.

Jumapili ile aliyokuja Askofu, kanisa letu hili lilikuwaje? Lilipendeza. Kwaya na sare mpya, watoto wametulia, benchi la nyuma limefutwa vumbi likang'aa. Askofu akasema, "Usharika huu umekua." Tukapiga makofi. Mimi nauliza: yule baba wa benchi la nyuma, anayekuja akinuka gongo na kuimba nje ya sauti, siku ile alikuwa wapi? Nani alimtuma mzee wa kanisa kwake Jumamosi, akamwambie, "Kesho pumzika, ndugu"? Mnatazama chini. Tazameni huku! Siku zote ni wetu, siku ya Askofu ni wa nani?

Hatukupunguza ulevi hata kikombe kimoja. Tulimpunguza mtu, tukaita kukua.

Juzi nimekwenda kwake. Nikamwambia, "Ndugu, Jumapili njoo." Mnajua alinijibu nini? Alinishika mkono kwa adabu kabisa, akasema, "Acha tu, Mchungaji. Ibada inakwenda vizuri nisipokuwepo."

Sina la kuongeza. Nyumba yake mnaijua, mnaipita mkienda sokoni. Tutaimba ubeti mmoja, kisha tunatoka wote, tunakwenda kumalizia ibada uani kwake. Wa mabenchi ya mbele mtangulie.