Medali ya Kiboko

Chilumba alichonga sanamu ya kiboko anayepiga miayo, mji mzima ukaja kushangaa. Siku ya kutuzwa medali ya shaba, tajiri Nandonde akaidaka kabla haijamfika shingoni.

"Kiboko nimechonga mimi! Nani anabisha?"

Nusu ya watu pale walikuwa wapangaji wake, nani angethubutu?

"Kweli kabisa, kachonga mzee," Chilumba akasema. "Tena mdomo ule kauiga kwa mkewe."

Bi Somoe, mke wa tajiri, akasimama, kiatu mkononi. "Baba Zuhura, eti?"

"Wallahi sijawahi hata kushika patasi! Kachonga huyu!" Nandonde akamvisha Chilumba medali mbiombio.

Bi Somoe akamgeukia Chilumba. "Haya, wewe ulimwiga nani?"

"Mumeo, mama. Hujamwona akisinzia?"

Bi Somoe akacheka mpaka kiatu kikamdondoka.