Uso wa Naelijwa

Uso uliopotea hutafutwa kwa ndugu. Ndivyo alivyosema mwenyekiti wa kikao jana, wazee wakaitikia kwa vichwa, na nyinyi vijana mkabaki kutazamana. Leo mmenifuata mkitaka kujua ni uso gani uliopotea na ulipotea vipi. Mmefanya vyema kuuliza, maana msemo huu si wa kale kama mnavyodhani. Wapo walio hai waliouona ukizaliwa. Methali hii ilianza hivi.

Mwanga, chini ya milima ya Upare, palikuwa na mwalimu wa kike wa shule ya msingi aliyeitwa Namsifu. Mbali na chaki, alikuwa na kazi nyingine aliyoipenda, nayo ni kutengeneza kadi za salamu nyumbani kwake. Watu walimletea picha, akaziingiza kwenye kompyuta, akazihariri kwa programu ya picha, akaandika maneno ya pongezi au ya pole, kisha akazichapa kwenye karatasi ngumu na kuzikunja kwa ukingo wa rula. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Aliweza kumwondoa mbuzi aliyekatiza nyuma ya bibi harusi, akamfumbua macho mtoto aliyesinzia mbele ya kamera. Watu walisema kadi ya Namsifu haitupwi.

Namsifu alikuwa mtoto wa pekee wa Mzee Eliamini, fundi seremala. Mama yake, Naelijwa, alifariki yeye akiwa na miaka mitatu, na baba akamlea bila kuoa tena. Ya Naelijwa ilibaki picha moja tu, iliyopigwa studio mjini Moshi wiki ile ya harusi. Mwaka mmoja mvua za masika zilivuja ndani, picha ikagandamana na kioo cha fremu. Mzee Eliamini alipoibandua, aliona kioo kimebaki na ukungu wa kijivu. Akadhani ni uchafu, akaufuta kwa kitambaa. Alipoigeuza picha ndipo alipoona gauni, mikono na shingo, na juu ya shingo doa jeupe. Uso wa mkewe ndio ule alioufuta.

Hakulizungumzia jambo hilo kwa miaka mingi. Lakini mwaka alipotimiza sabini na miwili macho yalimwuma na kufifia, na daktari akamwambia yeye na Namsifu kwamba nuru iliyopotea haitarudi, na iliyobaki itakwisha baada ya miezi michache. Waliporudi nyumbani mzee aliketi, akasema, "Giza haliniogopeshi, mwanangu. Randa naweza kuisukuma kwa kupapasa. Kinachoniuma ni kwamba nikimkumbuka mama yako naliona gauni. Uso sina. Niliufuta kwa mkono wangu mwenyewe."

 Namsifu aliazimia moyoni kwamba siku ya kuzaliwa baba yake, zikiwa zimebaki wiki tatu, atampa kadi yenye picha ya Naelijwa mzima.

Akaanza na alichokuwa nacho. Alijipiga picha, akaiondolea rangi ifanane na ile ya zamani, akaukata uso wake na kuupachika juu ya ile shingo, akalainisha kingo mpaka pasionekane palipoungwa. Ilipendeza. Akaichapa, akampelekea baba yake aione kwanza. Mzee aliisogeza karibu na pua, akaikagua, kisha akatabasamu kwa huruma.

"Umemchora mama yangu mimi," akasema. "Bibi yako mtupu. Wewe umetoka upande wetu, mwanangu, tangu kipaji cha uso mpaka kidevu."

Usiku huo Namsifu hakuifungua kompyuta. Alikuwa ameelewa kwamba uso anaoutafuta haumo nyumbani mle. Kama bado upo duniani, upo Usangi, kule mlimani, kwa ndugu za mama yake. Na Usangi kulikuwa hakuendeki.

Naelijwa alipofariki, ndugu zake walishuka kutoka mlimani wakataka kumchukua mtoto wakamlee. Eliamini akakataa. Wakamwambia alichelewa kumfikisha mgonjwa hospitali, naye akawaambia wasikanyage tena kwake. Maneno yalimwagika, na maneno yakimwagika hayazoleki. Miaka thelathini na mmoja hakuna aliyevuka kizingiti cha mwenzake.

Jumamosi Namsifu alitia kompyuta na ile picha kwenye mkoba, akapanda mlima. Alimkuta mama yake mdogo, Nakunda, amekaa barazani anapukuchua maharage. Nakunda alimtazama bila kuacha kazi.

"Shikamoo, mama mdogo. Mimi ni Namsifu, mtoto wa Naelijwa."

"Marahaba. Baba yako amekutuma?"

"Hapana. Hajui kama nimekuja."

"Miaka yote hii," Nakunda akasema. "Leo mmekosa nini huko kwenu hata mkatukumbuka?"

"Tumekosa uso wa mama."

Mikono ya Nakunda ilisimama. Namsifu akamweleza yote, mvua, kioo, kitambaa, na macho ya baba. Akaitoa picha akamkabidhi. Nakunda alilitazama lile doa jeupe, akalifunika kwa kidole gumba kama anayeziba jeraha.

"Amebeba hilo peke yake muda wote huo?" akauliza.

"Peke yake."

Nakunda aliweka ungo chini, akaita watu. Akaja mjomba Mbonea, kaka mkubwa wa marehemu, na binti yake Elineema, akaja pia jirani mmoja mzee aliyesoma na Naelijwa. Namsifu akawapiga picha mmoja mmoja, wakiwa wamesimama kama alivyosimama yule wa studio. Kisha akaifungua kompyuta juu ya meza ya kulia chakula, wote wakamzunguka.

Macho aliyachukua kwa Nakunda, maana wote waliapa kwamba ndiyo yale yale. Akayaondolea mikunjo ya miaka. Kipaji kilitoka kwa Mbonea. Mdomo ukatoka kwa Elineema, aliyezaliwa Naelijwa akiwa tayari kaburini, na ambaye tangu utotoni aliambiwa acheke wazee waone ule mwanya wa shangazi yake. Namsifu aliweka kila kipande kwenye tabaka lake ndani ya programu, kisichanganyike na vingine, akakisogeza na kukipunguza, nao wakamwongoza.

"Nyusi zipande kidogo. Alikuwa kama mtu anayeuliza."

"Shavu la kushoto lijae zaidi ya la kulia."

"Kidevu hicho ni cha baba yetu. Chake kilikuwa kifupi."

Jua likapita katikati ya mbingu, chai ikapoa vikombeni. Kwa muda mrefu kilichokuwa kwenye kioo cha kompyuta kilikuwa vipande vya watu watatu vilivyokaa pamoja kwa shida. Namsifu akainua pembe moja ya mdomo, kidogo sana, upana wa uzi.

"Acha hapo," Nakunda akasema. "Usiguse tena."

Namsifu aliondoa mkono. Nje kuku walisikika wakichakura. Mwanamke wa miaka ishirini na kitu alikuwa akiwatazama, na hakuwa Nakunda, wala Mbonea, wala Elineema, ingawa kila kitu chake kilitoka kwao.  Namsifu alikuwa ameunganisha mamia ya picha maishani mwake, lakini hii hakuiunganisha yeye. Ilikuja.

Mbonea akavua kofia taratibu. Nakunda, mwenye mvi tayari, aliinama mbele ya yule kijana aliyekuwa dada yake mkubwa, akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, dada."

Siku ya kuzaliwa Mzee Eliamini ilikuwa Jumapili. Mchana Namsifu alimtoa baba yake hadi barazani penye mwanga mkali, akampa kadi mkononi. Mzee akaiinua, akaisogeza karibu, akaigeuza kidogo kulifuata jua. Alikaa hivyo mpaka Namsifu akaogopa.

"Alikuwa amemkasirikia mpiga picha," mzee akasema hatimaye. "Alimwambia acheke, naye hakuwa mtu wa kuambiwa hivyo. Akacheka upande mmoja tu." Akairudisha kadi kwenye jua. "Hilo nilikuwa nimelisahau. Naelijwa. Umempata wapi?"

"Macho ni ya mama mdogo Nakunda. Kipaji ni cha mjomba Mbonea. Mdomo ni wa Elineema, binti yake."

 Kidole cha mzee kilipita juu ya macho, kipaji na mdomo, kama mkono wa fundi unaokagua maungio.

"Basi walikuwa naye siku zote," akasema. "Nilipowafungia mlango nilimfungia na yeye. Hao watu wako wapi?"

"Wapo njiani pale, baba. Wameshuka leo, ila hawakutaka kuvuka ua bila neno lako."

Eliamini alisimama, akapapasa nguzo ya baraza, akashuka ngazi mwenyewe. Alikwenda hadi njiani kuwapokea, kadi ikiwa kifuani. Nakunda alipomshika mkono, mzee alimwomba ainame ili ayatazame macho yake kwa karibu, na Nakunda akainama. Hapo ndipo mzee alipoyasema, mbele ya wote, maneno yale mliyoyasikia kikaoni jana, kwa sauti ya mtu aliyeona ajabu.

Kabla ya mavuno macho yake yalikuwa yamezima kabisa. Mlango ule haukufungwa tena, na wa Usangi walishuka kwa harusi na kwa msiba kama watu wengine. Kila walipokutana palikuwa na mtu wa kuwakumbusha maneno ya mzee, mpaka yakatoka nyumbani kwao yakaingia midomoni mwa watu wote.

Kwa hiyo mtu akipoteza kilicho chake, akakitafuta chumbani mwake asikione, na huku kuna mlango wa jamaa aliokwisha kuufunga kwa hasira, wazee hawamwambii mengi. Humwambia neno hilo moja: uso uliopotea hutafutwa kwa ndugu.